Spana ya Spoki

Kazi huanza kwa kuvua. Fundi anaingiza vijiko viwili vya chuma chini ya tairi, analikwanyua upande mmoja kwa mwendo mfupi mfupi, anaivuta tyubu nje na kuiacha valvu iwe ya mwisho. Kisha anapangusa ukingo kwa kitambaa, maana tope jekundu likibaki hapo hudanganya macho. Baiskeli ni Black Mamba, ile nzito ya chuma, na mwenyewe huipakia mitungi ya maziwa alfajiri na magunia ya majani chai ikifika saa ya kupima. Spoki tatu za gurudumu la nyuma zimekatika. Mwenyewe ana haraka.

"Mzee, kaa kwanza unywe chai," fundi anamwambia.

Tuko Litein, kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Sotik, mahali ambapo kila njia ya shambani ama inapanda ama inashuka. Kibanda hakina stendi ya kazi. Fundi anaipindua baiskeli, tandiko na usukani vikae chini, na fremu yenyewe inashika gurudumu. Vifaa ni vichache: koleo, bisibisi, kopo la grisi, kipande cha chaki, na spana ya spoki, kichuma cha duara kinachoenea kiganjani, pembe zake zimelainika kwa miaka ya kushikwa.

Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi lina spoki 40, la mbele 32, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Nusu ya spoki hutoka upande wa kulia wa kitovu, nusu upande wa kushoto, na ukingo hunyooka pale tu pande hizo mbili zinapovutana sawasawa. Zile tatu zimekatikia penye kona, karibu na kitovu, ambako huchoka kwanza. Anachomoa vipande, anapitisha mpya juu ya hii na chini ya ile kwa mpangilio wa jirani zake, halafu anazungusha kila kofia ya spoki kwa vidole. Spana haijaguswa bado.

Sasa anasikiliza. Anadonoa spoki moja baada ya nyingine kwa ukucha. Iliyokazwa hulia nyembamba, iliyolegea hutoa mlio mzito. Baada ya hapo anaegemeza chaki kwenye fremu, ncha ikaribie ukingo, na kulizungusha gurudumu. Panapopinda, chaki inaacha alama. Penye alama ndipo spana inapoingia: robo mzunguko kulegeza upande huu, robo kukaza upande wa pili. Anafuta alama, anazungusha tena. Angeweza kulimaliza pindo lote kwa mkupuo mmoja, lakini ukingo ungekimbilia upande wa pili na kuinuka kinundu.

Nikimtazama nakumbuka mbio za baiskeli za Tour de France. Watu wanaozifuatilia hupenda kuzungumzia miguu. Mimi nikiona wapanda baiskeli wanashuka mlima kwa kasi ya gari, jicho langu huenda kwenye magurudumu, na kwa mafundi wa timu wanaoziosha na kuzikagua baiskeli kila jioni. Mbio zenyewe huhesabiwa kwa mtindo ambao fundi wa Litein angeuelewa haraka. Jezi ya manjano, iliyoanza kuvaliwa 1919, ni ya mwenye muda mdogo kuliko wote ukijumlisha hatua zote. Ya kijani hufuata pointi, na mwaka 2024 ilikwenda kwa Biniam Girmay wa Eritrea. Ya madoa mekundu hufuata milima. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunzia mbio chini ya David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour ya 2017 bila kushinda hata hatua moja. Takriban kilomita 3,540 kwa siku 21 za mbio, na aliyemfuata alikuwa nyuma kwa sekunde 54. Mwaka uliotangulia, kwenye Mont Ventoux, baiskeli yake ilivunjika katika msongamano, gari la timu likiwa mbali nyuma, na mwenye jezi ya manjano akakimbia kwa miguu mlimani. Hata sheria zinatambua balaa la chuma: kwa miaka mingi, aliyepasukiwa tairi ndani ya kilomita 3 za mwisho za hatua ya tambarare alipewa muda wa kundi alilokuwa nalo.

Chaki imeacha kugusa. Mwenye baiskeli anainuka, kikombe kimekwisha. Fundi anatikisa kichwa na kuhamisha chaki juu ya ukingo, apime kama gurudumu ni duara kweli au linarukaruka. Kuna mahali panapanda kidogo. Anakaza spoki mbili za kulia na mbili za kushoto, kiasi kilekile. Kisha anazishika spoki mbilimbili na kuziminya kwa viganja, kwa nguvu, kulizunguka gurudumu zima. Zinatoa milio midogo ya chuma kinachojiweka sawa. Anarudia chaki tangu mwanzo, kwa sababu kule kuminya kumebadilisha kila kitu kidogo.

Tyubu inarudi, tairi linarudi, pampu inalia. Mzee analipa na kuuliza kama sasa anaweza kurudisha mzigo wote.

"Nusu," anasema fundi. "Spoki mpya hulegea. Pita hapa Ijumaa nizikaze tena, hiyo hulipii."