Mwulize Kuhusu Mti Uliokufa

Kuwatembeza bustanini wenye vitalu, wapambaji wa mandhari na mabwana shamba ni ufundi kama kubebesha michungwa, na kama ufundi wowote una mabingwa wake na wababaishaji wake. Shida ni kwamba mbabaishaji wa kazi hii mara nyingi ndiye mwenye maneno matamu. Majina ya Kilatini anayo, utani anao, na njia anaimaliza kwa wakati. Wageni huondoka wamefurahi, lakini Jumatatu wakirudi kitaluni hawana hata jambo moja la kubadilisha. Nitaeleza namna ya kumtambua, na mfano wangu utakuwa Amani, Usambara Mashariki, juu ya Muheza, kwa sababu pale fundi na mbabaishaji hujulikana upesi.

Bustani ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, iwe kituo cha kujaribia mimea ya biashara kutoka nchi za joto duniani kote: mikwinini, miti ya mpira, mikarafuu, midalasini, na mingine mingi. Leo imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Kwa mtu wa miche, pale kuna majaribio ya zaidi ya karne moja, na majibu yake unaweza kuyashika kwa mkono. Kuna mimea iliyokubali, kuna iliyokufa, na kuna iliyotoroka. Angalia kwanza kiongozi wako anakupeleka kwa ipi.

Mbabaishaji hukaa kwenye iliyokubali tu. Mdalasini huu, nusa. Mkarafuu ule, piga picha. Hiyo ni ziara ya watalii, na kwa watalii haina ubaya wowote. Unguja wanaifanya vizuri sana kwenye mashamba ya viungo, na mgeni wa siku moja hahitaji zaidi. Mtu anayeotesha midalasini anahitaji kuambiwa kwamba mbegu yake haivumilii kukaushwa ikawekwa ghalani, ioteshwe ikiwa mbichi, na mkarafuu ni vivyo hivyo. Kama kiongozi amepita mdalasini bila kuinama kutafuta mbegu chini yake, mtilie shaka.

Fundi atakusimamisha mahali ambapo huoni kitu. Atakwambia kwamba mwishoni mwa karne ya 19 walowezi walifyeka misitu ya milima hii wapande kahawa, wakiamini kwamba udongo unaobeba miti mikubwa namna ile lazima uwe na rutuba. Kisha ataparua ardhi kwa kisigino: juu majani yanayooza, chini yake tabaka jeusi jembamba, halafu udongo mwekundu. Mvua imeosha virutubisho miaka na miaka, tindikali imezidi, na msitu unaishi kwa kula majani yake wenyewe. Ukifyeka, umeondoa chakula. Kahawa ilidhoofika, na chai, ambayo tindikali haiisumbui, ndiyo unayoiona leo imezunguka Amani. Dakika kumi mahali patupu, na mtu anayeuza miche ya kupandwa kwenye ardhi iliyotoka kufyekwa ameshapata swali la kumwuliza mteja wake.

Kwa hiyo swali langu kwa kiongozi yeyote, katika bustani yoyote, ni hili: nini kilikufa hapa, na kwa nini? Akijibu kwamba hapa kila kitu kinastawi, usibishane naye, ila jua uko na mtu wa namna gani.

Iliyotoroka ndiyo inayowasumbua wengi kuieleza, maana inaitia bustani yenyewe aibu. Maesopsis eminii, mti ambao Waganda wanauita musizi, si mwenyeji wa Usambara Mashariki. Uliletwa kwa sababu unakua haraka, na baadaye ukapandwa zaidi kwenye sehemu zilizokatwa mbao. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakayameza, wakaidondosha mbegu ndani ya msitu wa asili, na popote mti mkubwa ulipoanguka pakapata jua, musizi ukawahi. Kiongozi mzuri hatauita mti mbaya. Atakuonyesha tunda, atakuonyesha pengo la msitu, atamtaja ndege, halafu atakuachia hesabu: mche unaokua haraka, unaozaa mapema, ambao ndege wanaupenda, ndio mche ambao wateja wako wanauulizia kila siku. Unapoanza kuuza mti mgeni karibu na msitu, sifa zake nzuri ndizo za kuogopa.

Jambo jingine ni namna kiongozi anavyotumia mikono. Kuna ua dogo la zambarau, saintpaulia, ambalo Ulaya na Marekani hukaa dirishani kwenye vikopo. Asili yake ni milima ya Tanzania na Kenya, na lilipata jina hilo kwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Kuisimulia habari hiyo ni rahisi, kila mtu anaisimulia. Fundi ataongeza kwamba mwaka 2015 wanasayansi waliliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo kibao chenye jina la zamani hakikukosea siku kilipoandikwa. Kisha ataacha habari za majina, akupeleke kwenye mwamba wenye kivuli karibu na mto, aukamate mkono wako auweke nyuma ya majani. Jiwe ni baridi na lina unyevu. Mizizi imeshika mbolea ya majani iliyojaa kwenye ufa, kina chake hakifiki hata urefu wa kidole. Maji yanapita, hayatuami. Hapo huhitaji tena kuambiwa kwamba ua hili linataka chombo kifupi, mchanganyiko mwepesi unaopitisha maji, na kivuli. Wala kwa nini maua yale uliyoyapanda kwenye udongo wa bustani ndani ya kopo refu yalioza shingo.

Kuhusu vibao sina mengi. Viwe na namba, maana namba ndiyo inayokurudisha kwenye daftari la bustani: mbegu ilitoka wapi, iliingia mwaka gani. Kiongozi asiyejua daftari liko wapi anakusomea kibao ambacho ungeweza kukisoma mwenyewe.

Omba pia kupelekwa nyuma, kwenye kitalu cha bustani yenyewe. Wengi hukataa kwa adabu, kwamba pachafu. Anayekubali atachomoa mche mmoja kwenye kiriba mbele yenu, akung'ute udongo, aonyeshe mzizi mkuu kama umenyooka au umejikunja chini kama mkia wa nguruwe. Kama umejikunja, atasema umejikunja. Nampa alama nyingi kwa hilo kuliko kwa kumbukumbu ya majina mia.

Na mpime kwa jinsi anavyounganisha. Watu wa Tanga wanakijua kisamvu cha mpira. Mti wake, Manihot glaziovii, ni ndugu wa muhogo na uliletwa kwa ajili ya utomvu. Katika miaka ya 1930, mtafiti H. H. Storey na wenzake hapo Amani waliuzalisha na muhogo wa kawaida wakitafuta kinga dhidi ya ugonjwa wa batobato, kisha wakaizalisha mimea chotara na muhogo tena na tena ili mizizi inenepe. Kizazi cha kazi hiyo kilifika Ibadan, Nigeria, kikawa msingi wa mbegu nyingi za muhogo zinazostahimili batobato barani. Kiongozi anayeweza kuanzia kwenye sufuria ya kisamvu akafika Ibadan bila kupoteza watu njiani, mlipe anachodai.

Mwishoni mtu ataomba kukatiwa kijiti, na hapa wengi waliofanya vizuri siku nzima huharibu. Storey huyo huyo ndiye aliyeueleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Shina laweza kuonekana zima, majani yakaonekana mazima kwa jicho la haraka, na mizizi ikaoza ndani, ikawa ya kahawia, mikavu. Aliyebeba pingili zake kwa gari ameubeba ugonjwa hadi shambani kwake. Kiongozi akikukatia tawi kwa ukarimu, mshukuru, na uliache pale pale. Akikukatalia, akakuelekeza pa kupata pingili zilizokaguliwa, chukua namba yake ya simu.