Buluu Inayochuja: Umbo la Soneti ya Rilke

Kila ninapoulizwa ni haidrenjia ipi ya kupanda kwa bustani ya kiangazi na vuli, kwanza nalikumbuka shairi. Rainer Maria Rilke alitunga "Blaue Hortensie" (Haidrenjia ya Buluu) jijini Paris mwaka 1906, likatoka mwaka uliofuata katika diwani yake Neue Gedichte. Ni soneti ya mishororo 14, tarbia mbili na tathlitha mbili, na sijaona maelezo ya ua hili yanayoikaribia kwa ukweli.

Siri yake imo katika vina. Katika tarbia ya kwanza neno la buluu limewekwa mwisho wa mshororo wa tatu, na kwa Kijerumani neno hilo lina kina kimoja na neno la kijivu. Kina hicho hakikomei hapo. Kinavuka, kinafungua ubeti wa pili, kisha kinaufunga, na neno linaloufunga ni kijivu chenyewe. Sikio huisikia buluu ikichuja kabla akili haijaambiwa.

Tena mshororo ule wa tatu ni mshata. Buluu imeachwa ikining'inia ukingoni. Ukishuka kwenye wa nne unakuta kanusho: maua hayakuivaa rangi hiyo, yanaiakisi tu kutoka mbali. Mtunza bustani anakubali papo hapo. Hydrangea macrophylla haizaliwi na buluu. Udongo wenye asidi, pH ikiwa chini ya 5.5, huachia alumini, mizizi huifyonza, na ua hugeuka buluu. Mche huohuo ukiuhamishia kwenye udongo wa chokaa utakupa waridi.

Tashbihi za shairi nazo ni za vitu vya mkononi: vyungu vya rangi, karatasi kuukuu za barua, aproni ya mtoto iliyofuliwa hadi ikachujuka na sasa haivaliwi tena. Hakuna johari wala mbingu. Chaguo hilo ni sahihi kabisa, kwa sababu tunachokiita petali kwenye ua hili ni sepali. Hazipukutiki kama za waridi. Hubaki kwenye kikonyo zikipauka wiki baada ya wiki, zikipita kwenye manjano, zambarau na kijivu kilekile cha ubeti wa pili.

Soneti nyingi hugeuka kwenye mshororo wa tisa. Hii inasubiri hadi wa 12, na ndipo buluu inapofufuka ghafla katika kichala kimoja, mbele ya kijani ambacho shairi lilianza nacho. Wapo watakaoona faraja hiyo imebandikwa mwishoni. Sikubaliani nao. Tazama kina cha katikati cha tathlitha mbili: katika ya kwanza kinaangukia neno la kitu kisichopatwa tena na lolote, katika ya pili kinaangukia neno la kuona. Kuona kumezaliwa kutoka kwenye kule kuchakaa.

Ndiyo maana, pamoja na uzuri wa haidrenjia ya 'Limelight', inayoanza na kijani cha ndimu na kuelekea waridi vuli ikiingia, au weupe wa 'Annabelle', mwenye nafasi ya mche mmoja na udongo wa asidi namshauri 'Nikko Blue'. Aupande mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, wala asiuache ukauke. 'Limelight' na 'Annabelle' huchanua kwenye matawi mapya, hivyo hukatwa mwisho wa baridi bila hasara. 'Nikko Blue' hubeba vichipukizi vya maua kwenye matawi ya mwaka uliopita, na kichwa kikavu kilicho juu yavyo huvikinga na jalidi.

Kwa hiyo usikikate vuli, hata kikionekana kimekwisha. Ngoja baridi kali ipite, kisha ukate juu tu ya jozi ya kwanza ya vichipukizi vinene.