Uhakiki wa Dhana ya Usumaku katika Maelezo ya Kiswahili kuhusu Upitishaji Umeme Usio na Ukinzani

Sehemu hii inahakiki namna neno "usumaku" linavyobebeshwa maana mbili katika fizikia ya upitishaji umeme usio na ukinzani. Hoja inayotetewa ni kwamba kinachomkwaza msomaji wa Kiswahili si uhaba wa istilahi, bali kutotenganishwa kwa dhana.

Mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes aliona ukinzani wa zebaki ukitoweka katika halijoto ya takribani kelvini 4.2. Nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer (1957) ilieleza sababu: elektroni inapopita huvuta atomi za fuwele, na mvuto huo huiunganisha na elektroni nyingine zikawa jozi. Mpangilio huo wa atomi unastahili kuitwa kimia. Mvuvi wa Kunduchi, Kinondoni, anajua kwamba fundo moja likivutwa, mafundo jirani nayo hutikisika.

Utata huanza usumaku unapoelezwa kuwa ni adui wa jozi hizo. Kauli hiyo ni sahihi kwa uga wa sumaku wa nje, ambao ukizidi kikomo huzivunja. Hata hivyo, katika michangamano ya chuma iliyovuta macho ya wanafizikia tangu mwaka 2008, upo pia usumaku wa ndani, utokanao na atomi za chuma zenyewe. Ukokotozi wa Lilia Boeri na wenzake (2010) kuhusu mchangamano wa bariamu, chuma na aseniki ulionesha kwamba usumaku huo huongeza mwingiliano wa elektroni na kimia kwa takribani asilimia 50. Ongezeko hilo, hata hivyo, halitoshi kueleza halijoto ambamo ukinzani hutoweka. Hivyo basi, kuimarisha mwingiliano si sawa na kueleza chanzo cha jozi.

Mwanafunzi wa Temeke aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya umma, kisha kwa Kiingereza sekondari, hukutana na utata uleule katika lugha zote mbili. Kwa mantiki hiyo, lawama haiwezi kutupiwa Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (TUKI, 1990) ilithibitisha kwamba istilahi hupatikana zikitafutwa. Kinachodaiwa sasa ni mwandishi kutaja bayana: "uga wa sumaku wa nje" au "usumaku wa atomi".