Seva ya FTP nyumbani: maelekezo mazuri kwa nyumba isiyo yako

Ukitafuta namna ya kugeuza kompyuta ya nyumbani kuwa seva ya mafaili, utakutana na maelekezo yaleyale: pakua FileZilla Server, tengeneza mtumiaji na nywila, fungua poti 21 kwenye rauta, mpe rafiki anwani yako ya IP, basi. Yamepangwa vizuri, picha zipo. Shida ni hiyo hatua ya kufungua poti. Inadhani una rauta yenye anwani yake ya hadharani. Wewe uliye Mpanda, Inyonga au Karema, unayeunganisha kompyuta kwa hotspoti ya simu, mara nyingi huna.

Kampuni za simu hugawa anwani moja ya hadharani kwa wateja wengi kwa pamoja. Ombi likitoka kwako, mitambo yao inakumbuka nani kaomba nini, jibu linarudi. Lakini rafiki aliye Tabora akigonga poti 21 ya anwani hiyo, mtambo haujui umpeleke kwa nani, ombi linatupwa. Unaweza kubofya mipangilio usiku kucha. Mlango uliofungwa uko kwa kampuni, siyo kwako.

FTP yenyewe nayo ni mzee. Abhay Bhushan wa MIT aliiandika mwaka 1971, zama ambazo kila kompyuta ya mtandaoni ilikuwa na anwani yake. Inatumia miunganisho miwili, mmoja wa amri na mwingine wa mafaili, na kwa kawaida siku hizi seva ndiyo humtajia mteja anwani ya kuchukulia faili. Seva iliyo nyuma ya rauta, isiporekebishwa, itataja 192.168 na kitu fulani, anwani ambayo nje ya nyumba yako haina maana. Ndiyo maana mtu anaingia kwa nywila sahihi kabisa, halafu orodha ya mafaili inaganda. Na nywila hiyo, bila TLS, inasafiri wazi kama maandishi ya kadi ya posta. Firefox na Chrome ziliachana na FTP mwaka 2021, ila bado utaambiwa mwenzako afungulie kwenye kivinjari!

Kinachoudhi zaidi, matumizi yenye faida kwetu hayaguswi: ndani ya nyumba au bweni. Kupandisha faili la GB 2 kwa megabiti 5 kwa sekunde ni kama dakika 53, bando lako linaliwa, na mwenzako akilishusha lake linaliwa pia. Kwenye Wi-Fi ya ndani inayokwenda megabiti 40 ni kama dakika 7, na bando haliguswi hata kidogo. Hapo hufungui poti yoyote ya rauta, unairuhusu tu seva kwenye ulinzi wa Windows. Washa TLS hata hivyo, bwenini watu ni wengi.

Kwa aliye mbali, jaribu Syncthing. Kompyuta zote mbili zinatoka nje zenyewe, na zikishindwa kufikiana moja kwa moja zinapitia seva ya katikati. Inakwenda polepole, na bando utalipa.