Kizibo Kikifika Mstari wa Mwisho

Kizibo cha bia ya Primus kimeruka kizibo cha adui na kutua mstari wa mwisho. Mwenyewe ananyoosha mkono achukue kizibo cha pili akipachike juu, kiwe dame. Mwenzake anamshika mkono. Pembeni ya kile kilichotua kuna kizibo kingine, na nyuma yake pako wazi. Bado kuna cha kula. Je, analazimika kula? Na akila akajikuta amerudi mstari wa tatu, ameshakuwa dame au bado?

Mpita njia atasikia kelele tu. Anayeujua mchezo anaona kwamba hapo zimegongana sheria tatu, na kila moja ina wenyewe. Kwa sheria za kimataifa, zile za ubao wa nyumba mia na kete ishirini kila upande, zinazosimamiwa na shirikisho la dunia lililoundwa mwaka 1947, kizibo lazima kiendelee kula, na kwa kuwa hakikuishia mstari wa mwisho, hakipandi cheo. Kwa Warusi kinapanda palepale na kuendelea kula kama dame. Kwa Waingereza, wenye ubao wa nyumba 64 na kete 12 kila upande, kete ya kawaida haili nyuma hata kidogo: inatua, inapandishwa, zamu imekwisha.

Goma, upande wa Kongo, ni mji wa mpakani na Rwanda, na sheria huvuka mpaka pamoja na watu. Huyu alijifunza mchezo wa dame shuleni, kwa desturi ya Wafaransa. Yule aliuokota Kampala alikokuwa akifuata mali. Wa tatu alikaa Dar es Salaam, ambako wachezaji wa drafti huizuia kete ya kawaida kula nyuma lakini kingi wao, yaani dame, huruka nyumba zote za mstari wake. Wote wanakutana kwenye benchi moja mtaani Birere, hatua chache kutoka kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, juu ya ubao uliopigwa mistari kwa kalamu, vizibo vya upande mmoja vikitazama juu na vya upande wa pili vimefunikwa. Hakuna aliyekuja na kitabu cha sheria. Na mezani kuna soda ya dau.

Ndipo anapohitajika mwamuzi. Hateuliwi wala halipwi. Mara nyingi ni mtu mzima, anaitwa Papa, na aghalabu si fundi wa kwanza wa kijiwe. Hilo la mwisho nimelifikiria sana, nikaona lina sababu. Fundi mkubwa huwa hakimu mbaya, kwa kuwa akiutazama ubao anamwona anayestahili kushinda, halafu anaitafuta sheria ya kumfikisha huko. Mwamuzi mzuri anautazama ubao kana kwamba hajui nani yuko mbele.

Ufundi wake unaanza na swali, na swali lenyewe si “sheria inasemaje?” Akiuliza hivyo atapewa sheria tatu na ngumi moja. Anauliza kilichokwisha kutendeka: “Mudogo, saa ile ulikula nyuma, nani alikukataza?” Ikiwa katika mchezo huuhuu mmoja wao alishakula nyuma na mwenzake akanyamaza, basi kula nyuma kumekubaliwa, na kizibo kilichofika mwisho kitaendelea kula. Hapo ubao wa Waingereza umeshatoka. Zinabaki mbili. Anauliza tena: leo kuna kizibo kilichopita mstari wa mwisho bila kusimama? Kama kipo, kilifanywa nini? Kama hakipo, anarudi kwenye mchezo wa jana wa hao hao wawili, kisha kwenye desturi ya kijiwe. Anatafuta jibu ambalo wachezaji wote wawili wangeweza kulijua kabla mkono haujagusa kizibo. Jibu zuri kuliko hilo, lakini ambalo mmoja wao hakuwa na njia ya kulijua, analiacha.

Hayo ni mambo mepesi tu. Kazi ngumu inakuja dame inapokula vingi kwa mpigo mmoja.

Sheria ya kimataifa inasema vizibo vilivyoliwa haviondolewi mpaka mwendo uishe. Vinabaki pale vikiwa vimekufa, na hairuhusiwi kukiruka kimoja mara mbili, ingawa nyumba tupu inaweza kupitiwa tena. Maana yake ni kwamba kizibo kilichokwisha kuliwa bado kinaweza kuziba njia. Ujanja huo una jina la zamani, pigo la Kituruki: unamwachia mwenzako karamu ya vizibo, naye akishaila karamu anajikuta amesimamishwa na maiti aliyemuua mwenyewe, mahali ambapo wewe unamla.

Sasa mtazame kijana mwenye mkono mwepesi. Dame yake inaruka, taa, taa, taa, na kila anapokula anakizoa kizibo kiganjani. Mara ya nne anakatiza pale alipokizoa cha kwanza, anakula na hicho cha nne, anakaa pazuri. Aliyeliwa anapiga kelele: “Papa, pale palikuwa na mtu!” Lakini sasa hapana mtu. Kuna mkono uliofungwa.

Papa hajibu. Anaomba kiganja kifunguliwe. Vizibo vinne. Halafu anamwambia mlaji mwenyewe, si mlalamikaji, avirudishe kimoja kimoja kuanzia cha mwisho. Nimependa sana ukimya wa hatua hiyo, maana mlaji hawezi kudanganya mbali. Dame hutembea mshazari tu, na kila kizibo alichokila lazima kiwe kwenye mstari wa safari yake na nyuma yake pawe wazi. Akikisogeza kimoja nyumba moja pembeni ili njia ionekane ilikuwa huru, ulaji uliotangulia hauwezekani tena. Safari inajishuhudia yenyewe. Vizibo vinne vikisharudi, watu wote wanaona kilipokuwa cha kwanza, na dame inarudishwa nyumba ambayo ilipaswa kuishia, mbele ya mdomo wa adui.

Kuna pia suala la kupuliza. Zamani aliyeacha kula alipokonywa kizibo chake kama adhabu, kisha mpinzani akacheza zamu yake kama kawaida. Mashindano makubwa yaliitupa adhabu hiyo. Vijiwe vingi havikuitupa. Ugomvi unakuja pale mtu amekula kimoja ilhali njia nyingine ilikuwa na vitatu. Mpinzani anataka kupuliza. Jibu lililonivutia kuliko yote ni kwamba adhabu haiwezi kuwa pana kuliko wajibu. Kama hapa tunacheza kwa sharti la kula vingi, amekosa, apulizwe. Kama hatukuweka sharti hilo, amekula, na aliyekula hapulizwi.

Jeshi la Prussia liliipitia njia hii ya kumtegemea mwamuzi kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1824 Georg von Reisswitz aliwapa maofisa mchezo wa vita wa mezani, wenye ramani, vipande vya vikosi, dadu na majedwali ya hasara, na mwamuzi wa kuyasoma. Sheria zilivyozidi ndivyo zilivyochosha, hata mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akashauri vitabu viwekwe kando na mwamuzi mzoefu aamue kwa akili yake. Binafsi naona alivuka mpaka. Jenerali akiamua bila kueleza, luteni atafanya nini? Papa wa Birere hana cheo kinachomlinda. Uamuzi wake lazima uonekane kwenye ubao, la sivyo benchi linahama.

Na wakubwa wa mchezo wa dame wenyewe wasijisifu. Baba Sy wa Senegal alipaswa kukutana na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovieti kugombea taji la dunia la mwaka 1963, lakini pambano halikufanyika. Shirikisho lilimtambua Baba Sy kuwa bingwa mwaka 1986, na yeye alikuwa amefariki mwaka 1978.

Kwenye benchi uamuzi hausubiri hivyo, ila una mipaka yake. Papa aliyekuta mchezo katikati hakubali kuamua jambo linalotegemea mwanzo wake. Anaagiza vizibo vipangwe upya na soda ibaki mezani. Sheria akiiona mbovu haibadilishi mchezo ukiendelea. Anaumalizia hivyo hivyo, aliyeshinda anakunywa, na vizibo vinapopangwa tena ndipo anapowatangazia wote wawili: “Sasa, kinachopita mwisho bila kusimama si dame. Mumesikia? Haya, nani anaanza?”