Joseph Kiwele wa Mpala na wimbo wa Misa

Mara nyingi tunasikia vijana wetu wakibishana juu ya nyimbo za Misa. Mmoja anasema: «Mtu aliyejifunza muziki wa Wazungu hawezi tena kuimba kama watu wa kwao.» Mwingine anajibu: «Ngoma ni za uwanjani, kinanda ndicho cha Kanisa.» Huku Zongwe pia tumeyasikia maneno hayo, na kwaya moja ilikuwa karibu kuvunjika juu yake. Ndiyo sababu tunapenda leo kupima kazi ya mtu mmoja wa upande wetu huu wa Tanganyika, marehemu Joseph Kiwele.

Kiwele alizaliwa mwaka 1912 kule Mpala, misioni waliyoipokea Mapadri Weupe mwaka 1885. Alilelewa katika seminari. Hakufika kwenye upadri, lakini huko alipata Kilatini na wimbo wa Gregorio. Nyuma alikwenda Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafundisha muziki katika shule ya Wabenedikto ya Mtakatifu Bonifasi. Kazi yake inayojulikana zaidi katika Kanisa ni ile Missa Katanga.

Tukitaka kuhukumu kazi hiyo kwa haki, tukumbuke kwanza nyakati zake. Mwaka 1903 Papa Pio X alikuwa amekataza ngoma na vyombo vya kelele kanisani, na maneno ya Misa ya kuimbwa yalipaswa kuwa ya Kilatini. Mlango ulikuwa mwembamba. Wengi walishika njia nyepesi: kuchukua wimbo wa Ulaya na kuuvika maneno yetu. Matunda yake tunayajua. Katika Kiluba, sauti ikipanda pahali inapopaswa kushuka, neno linaweza kugeuka maana. Hata Kiswahili kinaumia: uzito wa neno «Mkombozi» uko juu ya «bo», lakini mara ngapi tumeimba tukiuangusha juu ya «zi»?

Kiwele alishika njia ya kinyume. Maneno ya Kilatini aliyaacha jinsi yalivyo, na wimbo akautafuta kwa watu wake. Tunaona hapo akili kubwa. Kilatini hakigeuzi maana ya neno kwa kupandisha au kushusha sauti, basi wimbo wa kwetu uliweza kutembea bila kuharibu maana. Lakini kuupanga kwa kwaya, kila sauti mahali pake, kulimdai elimu ya kweli. Basi elimu ya kigeni haikumnyang'anya ukwao. Ilimpa mikono ya kuutumikia.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Joseph Joachim, mpiga fidla mashuhuri wa Hungaria (1831–1907), aliondoka kwao angali mtoto. Akiwa na miaka 12 alipiga kule London konserto ya Beethoven, na tangu mwaka 1869 aliongoza shule ya muziki ya Berlin. Walakini alipotunga konserto yake kubwa kwa fidla, aliipa jina la Hungaria. Nyuma yake, Wahungaria wawili, Bartók na Kodály, waliona kwamba ukumbusho wa mtu mmoja hautoshi: wakaenda vijijini na fonografu, wakashika nyimbo katika vinywa vya wakulima wenyewe.

Na hapa ndipo tunamwona Kiwele amepungukiwa. Jina Katanga ni pana. Watabwa, Waluba, Walunda, Wabemba, kila kabila lina namna yake ya kuimba. Misa moja haiwezi kuwachukua wote, hata ingetungwa na fundi wa namna gani. Kazi yake ni mwanzo, na kosa letu ni kuifanya mwisho.

Tusifiche pia jambo la mwisho. Tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, Moïse Tshombe alipoitenga Katanga na Kongo, Kiwele alikuwa waziri wa elimu, na ndiye aliyeitungia serikali ile wimbo wake, «La Katangaise». Alifariki mwaka 1961. Mwezi wa kwanza wa 1963 serikali ile ikaanguka, na wimbo wake ukakosa nchi ya kuimbiwa. Hatumhukumu moyo wake. Mungu peke yake anaujua. Lakini seminari yupo ajifunze: alichoipa dola kilifuata mwendo wa dola, na alichoipa altare bado kinatufundisha.

Hakuona mlango ukifunguliwa. Tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima na mahali pafaapo katika ibada. Basi udhuru wetu uko wapi? Ninyi waseminari, jifunzeni noti bila haya. Ninyi makatekista, kaeni na wazee mbele hawajafariki, andikeni nyimbo zao za kilio, za mavuno na za kuvuta makasia. Mtoto wa Mpala alianza na kidogo alichokuwa nacho. Sisi tuna zaidi, na tutaulizwa juu yake.