Kituo Katika Muziki wa Mzaha

Wapiga piano wengi hudhani ya kuwa mzaha wa kipande kifupi umo katika noti zenyewe, na ya kuwa mwenye kuzipiga zote sawasawa amekwisha kuutoa. Dhana hii yafaa ipimwe. Maneno ya kuchekesha yakisomwa kwa sauti ya tangazo hayamchekeshi mtu. Na muziki ni vivyo hivyo.

Tuchukue sehemu ya mwisho ya sonata ya C ambayo Joseph Haydn, mtunzi wa Austria, aliitunga mjini London yapata mwaka 1794 kwa ajili ya mpiga piano Therese Jansen. Ni kipande cha dakika chache tu. Wimbo waanza kwa uchangamfu, kisha waangukia mlio usiotazamiwa, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Hapo wasimama, halafu waanza tena kana kwamba hapakutokea neno. Mzaha haumo katika mlio huo peke yake. Umo katika kimya kinachoufuata, maana ndimo msikilizaji atambuamo ya kuwa amepotezwa njia.

Nilikisikia kipande hiki mjini Mbinga, kikipigwa na kijana wa kwaya kwa kinanda cha umeme. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na noti hakuzikosea. Walakini alikuwa amewasha mdundo wa mashine, na mashine haijui kungoja. Kila wimbo uliposimama, mdundo uliendelea kutwanga, naye akalazimika kuanza upya kabla kimya hakijafanya kazi yake. Waliokuwapo waliusifu wepesi wake, hakuna aliyetabasamu.

Si kwamba watu wa huko hawajui kungoja. Ukiteremka kutoka milima ya Umatengo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, kwenye Mbamba Bay na Liuli, utakuta mganda, ngoma ambayo mwendo wake watokana na gwaride la askari wa zama za Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Wanaume hujipanga safu na kuvumisha vibuyu vyenye utando, na ngoma kubwa huwaongoza. Katika mchezo mmoja nilioutazama, mpiga ngoma alilikawiza pigo moja kwa kadiri ya pumzi. Miguu ya safu nzima ikabaki hewani, na watazamaji wakaangua kicheko kabla pigo halijashuka. Waliweza kucheka kwa sababu mapigo yaliyotangulia yalikuwa thabiti. Asiyejenga matarajio hana cha kuchelewesha.

Neno hili lawahusu pia wapigaji wa namna ya pili, wale wauvutao na kuulegeza mwendo kila mahali wakidhani kuwa ndiyo hisia. Hao nao huuua mzaha, maana pasipo mwendo ulionyooka, kukawia hakusikiki.

Lugha yatufundisha jambo lilo hilo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwa kawaida katika silabi ya pili kutoka mwisho. Msimulizi hodari huirefusha silabi hiyo, au hunyamaza kabla ya neno la mwisho, na msikilizaji humwelewa kwa kuwa anaijua kawaida inayoachwa. Nukta katika maandishi yatuamuru tusimame, lakini haisemi kwa muda gani. Alama ya kituo katika noti haisemi zaidi. Muda huo hupimwa kwa sikio la mpigaji na kwa pumzi za wanaomsikiliza.

Kwa hiyo sioni ya kuwa kijana yule alipungukiwa na kipaji wala mazoezi. Alikabidhi kwa mashine kazi iliyo yake. Na aizime. Apige mwanzo kwa mwendo usioyumba, na wimbo ukisimama, ainue mikono, anyamaze, wala asiendelee mpaka amehisi chumba kizima kinamngojea. Akitaka mwalimu, hana haja ya kwenda London. Barabara ya kuteremkia ziwani si ndefu.